Mdhamini wa Husni

Siku Kulthumu alipoambiwa kwamba jina lake ni bovu alikuwa amevaa buibui jipya, na hina ya Idi ilikuwa bado haijafifia kwenye vidole. Alikuwa na hakika kabisa kwamba angetoka pale na mkopo, akaona si vibaya kuupokea akiwa amependeza.

Alikuwa fundi cherehani wa Muyinga mjini, kwenye mtaa wa Waswahili, mwanamke aliyeachika, akiishi kwa mama yake na binti yake mmoja, Yasmina. Alishona sare za shule na kanzu, na alidarizi mashuka ya maharusi ambayo watu waliyafuata kutoka hata Giteranyi kwa baiskeli. Lakini cherehani yake ilikuwa moja, ya kukanyaga, na mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa waya. Shule moja ya Gashoho ilikuwa tayari kumpa sare zake zote za mwaka iwapo angeweza kuzimaliza kwa wakati, na kwa cherehani ile asingeweza. Ndiyo maana alikwenda kwenye kasha, benki ndogo ya mikopo karibu na soko, kuomba pesa za cherehani mbili za umeme.

Aliyempokea aliitwa Venansi, afisa wa mikopo, mtu mzima wa sauti ya chini ambaye huwezi kujua kama amefurahi au amechoka. Alichukua kitambulisho chake, akaandika jina kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akaliandika tena.

"Mama, we umewahi kukopa?"

"Hata siku moja. Mi naogopa deni kuliko nyoka."

"Santrali inasema vingine."

Kulthumu hakujua santrali ni kitu gani. Venansi akamweleza. Ni mahali pamoja, benki kuu, ambako kila benki na kila kasha ya nchi inapeleka habari za watu wake: nani amekopa, nani analipa siku yake ikifika, nani anachelewa, nani amemdhamini nani. Mtu akija kuomba, kabla hawajamtazama usoni wanatazama kule.

"Na mi niko huko?"

"Uko. Tena uko mahali pabaya." Akageuza kompyuta kidogo ili naye aone. "Mkopo wa kamyoneti, wa hapahapa kwetu. Mkopaji ni Husni. Mdhamini ni wewe. Alilipa mwanzo, akaacha. Sasa mkopaji akiacha, anayebaki ni mdhamini. Jina lako na lake yote mawili yameharibika pamoja."

Kulthumu aliikumbuka siku ile vizuri. Yasmina alikuwa mchanga, yumo mgongoni analia, na Husni, ambaye wakati ule alikuwa mume wake, alikuwa na haraka kwa sababu mwenye kamyoneti, aliyekuwa anauza lile gari dogo la mizigo, alikuwa anasubiri nje. Alimwekea kidole kwenye mstari. "Ni saini ya mke tu," alimwambia. "Kila mwenye ndoa anasaini." Naye akasaini, akatoka nje kumnyonyesha mtoto. Kamyoneti ilinunuliwa. Baada ya mwaka na kitu Husni akahamia Gitega nayo, akisema biashara iko huko, na talaka ikaja kwa simu kabla ya Ramadhani. Kulthumu alifikiri amechukua gari na miaka ya ujana wake tu. Hakujua kwamba amechukua na jina.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alimpigia simu palepale uani.

"Baba Yasmina, lile deni la kamyoneti hulipi?"

Husni alicheka kidogo. Alikuwa na kicheko cha puani, cha mtu anayemsikiliza mtoto. "Mafuta hakuna, Mama Yasmina. Gari inalala kwenye foleni ya mafuta wiki nzima. Nilipe na nini?"

"Jina langu limeharibika. Nimenyimwa mkopo."

"Sasa mi nifanye nini? Nilikushika mkono? We ndo ulisaini." Kisha akamwambia kama mtu anayetoa shauri jema: "Hayo mambo ya benki achana nayo. Mi hapa Gitega nachukua mali kwa Wahindi, na wao wanaangalia sura ya mtu tu. Wananiamini."

Nyuma yake mwanamke alikuwa anauliza ni nani, na Husni akajibu bila hata kuziba simu: "Ni yule wa Muyinga."

Yule wa Muyinga. Kulthumu aliingia ndani, akakaa mbele ya cherehani yake, na mama yake alipomuuliza kuna nini akasema hakuna kitu. Lakini tangu saa ile kitu kilikuwepo, cha moto, na hakikupoa.

Alirudi kwa Venansi wiki iliyofuata, safari hii na nguo za kazi, nyuzi zimemganda kifuani. "Nieleze yote," alimwambia. "Jina likiharibika linatengenezwaje?"

Venansi, ambaye watu wengi walimjia kulia tu, alivuta kiti. Akamwambia kwamba jina halitengenezwi kwa maneno wala kwa kujuana na mtu. Kwanza lile deni la zamani lazima lishughulikiwe. Kasha inaweza kukubali alilipe kidogo kidogo kama mdhamini, kwa mpango mpya, kuliko kukosa yote. Pili, akishakubali mpango, asipitishe tarehe hata mara moja, maana mwenye kuchelewa siku chache na mwenye kuchelewa kabisa wote wanaandikwa. Bora alipe kabla. Tatu, asikope kwingine ili alipe hapa. Wengi wanazamia hapo. Na afungue akiba, hata ya kidogo, pesa ionekane inaingia na kutoka, watu wa kasha wajue kwamba yupo na anafanya kazi. Akishazoeleka ataomba mkopo mdogo, mdogo kabisa, wa vitambaa tu, aulipe upesi, aombe tena. Huyo ndiye mtu ambaye kasha inampenda.

"Itachukua muda gani?"

"Muda mrefu, mama. Kuharibu ni saini moja."

Akakubali. Bangili zake za harusi ziliuzwa kwa sonara, na mama yake, bila kuombwa, akaleta mkufu wake mwenyewe. Kazi ya Gashoho alipewa mwingine. Kulthumu akachukua kila kazi ndogo iliyopita mlangoni: zipu zilizokufa, mapazia, mifuko ya kubebea mchele, kofia za madrasa. Siku za soko alikwenda Gashoho na furushi kichwani, kuwashonea papo hapo wakulima waliotaka suruali zao zirudishwe kiunoni. Kila mwezi, kabla tarehe haijafika, alikuwa dirishani pa kasha.

Watu walimsifu kwa subira yake. Wale waliomsifu hawakujua anachofikiri akikanyaga ile cherehani. Alikuwa akimfikiria Husni. Alimwona akiwa amekonda, akiwa amesimama dirishani kama alivyosimama yeye, na mtu anamgeuzia kompyuta. Alimwona akiomba. Kila alipopiga pindo alibadilisha kidogo: safari hii mvua inanyesha, safari hii rafiki zake wote wanatazama. Ilimpa nguvu kuliko chai. Ukweli ni kwamba bila chuki ile angechoka zamani sana.

Deni likapungua hadi likabaki malipo ya mwisho. Siku hiyo alikwenda kasha na pesa zimefungwa kwenye kitambaa, na Venansi, aliyekuwa karibu kutabasamu, akamwambia: "Bon. Ukilipa hii, leo mkopo unafungwa. Jina lako linasafika."

Kulthumu akaanza kufungua kitambaa. Kisha akasimama. "Na la Husni?"

"Na lake pia. Mkopo ni mmoja. Ukifungwa, umefungwa kwa wote. Ucheleweshaji wake utaonekana bado kwa muda, lakini hatakuwa tena na deni."

"Bila kutoa hata franka."

"Bila kutoa."

Akafunga kitambaa chake, akaondoka.

Venansi alimfuata hadi mlangoni. Alimkumbusha tarehe. Kulthumu hakugeuka. Alitembea hadi nyumbani huku masikio yanavuma. Miaka yote ile alidhani anajisafisha, kumbe alikuwa anamfulia yule bwana nguo zake, kama alivyomfulia alipokuwa mkewe. Akaapa kwamba hatalipa. Yeye na Husni wakae humohumo kwenye uchafu, mpaka kufa, lakini Husni asitoke kwa mkono wake.

Tarehe ikapita. Mwezi ukapita na mwingine. Mama yake alimuuliza, akamweleza, na mama akamwambia kwamba huko ni kujichoma kisu ili damu imrukie mwenzio. Kulthumu alijua. Alijua pia kwamba Venansi alikuwa amemwandalia mkopo mdogo wa vitambaa, na kwamba sasa dosiye yake, faili lake la kasha, imerudi nyuma kwa uchelewaji wake mwenyewe, si wa Husni tena. Hilo lilimuuma. Lakini kila akifungua kile kitambaa alisikia lile neno, yule wa Muyinga, na vidole vinakataa.

Ni Venansi aliyekuja nyumbani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakubali chai.

"Mama Yasmina, we hukunipa nafasi ya kumaliza," alisema. "Mdhamini akilipa deni la mtu, hafi na hasara. Sheria inampa nafasi ya aliyelipwa. Zamani Husni alikuwa na deni kwetu. Ukimaliza kulipa, tunakupa hati inayosema kwamba umelipa kwa niaba yake na umechukua mahali petu. Yote tuliyokuwa tunamdai, unamdai wewe. Na ile kamyoneti iliwekwa rehani kwetu, ila hatukuifuata Gitega kwa kuwa we ulikuwa unalipa. Rehani nayo inakufuata wewe."

Kulthumu aliweka mkasi chini polepole. "Sema tena."

"Kamyoneti iko rehani kwako. Itabidi upite mahakamani kwanza, na huko si kwa siku moja. Lakini mwenye haki ni wewe." Akanywa chai yake. "Donc, yaani ukilipa, we ndo benki yake."

Alilipa kesho yake asubuhi. Wanaomjua wanasema hajawahi kuonekana na uso mzuri kama siku ile, hata siku ya harusi.

Kesi ilifunguliwa. Husni aliitwa, na aliyempelekea wito akarudi akisema bwana yule aliusoma, akauliza kama yule mwanamke hana kazi ya kufanya, akautia mfukoni. Hakuja mara ya kwanza, hakuja ya pili. Mahakama ikaamua bila yeye: alipe yote, au gari iuzwe.

Sasa Kulthumu angeweza kumtuma huisye, yule afisa anayetekeleza hukumu za mahakama, aende Gitega wiki ileile. Hakumtuma. Alikuwa na binamu yake, Amissi, dereva wa Probox kati ya Muyinga na Gitega, na kila Amissi aliporudi alimuuliza habari za Husni huku akimkatia muhogo. Amissi alimwambia kwamba Husni anatamba. Jina lake limesafika, hajui hata limesafikaje, na amekwisha kukopa kwenye kasha moja ya huko, mkopo si mkubwa, akaitia kamyoneti matairi mapya na rangi. Tena anazungumza na Mzee Abdulrasul, Mhindi mwenye duka kubwa la jumla, ampe kazi ya kumsafirishia mali yake yote: sukari, sabuni, chumvi, hadi Mutoyi na masoko ya huko ndani.

"Ameshampa?"

"Bado. Mzee anampima."

"Akimpa, uniambie," alisema Kulthumu.

Mama yake, aliyekuwa anachambua maharage, aliinua macho akamtazama bintiye, kisha akayarudisha kwenye ungo. Alikuwa amesahau kwamba mtoto huyu tangu utotoni akinyang'anywa kitu hakulia, alingoja.

Habari ilikuja msimu wa kiangazi. Kulthumu alifunga cherehani, akamwacha Yasmina kwa bibi yake, akapanda gari la Amissi yeye na huisye aliyeitwa Matata, mtu mnene mwenye begi, aliyelala kutoka Muyinga hadi walipovuka Karusi. Kulthumu hakulala. Alikuwa amevaa lile buibui la siku ile ya kwanza. Lilikuwa limechakaa mikononi, lakini alitaka kuvaa hilo.

Ghala la Abdulrasul lilikuwa nyuma ya duka lake, mjini Gitega, lenye uwanja wa saruji ambapo wapakizi walikuwa wanapandisha magunia ya sukari. Kamyoneti ilikuwa imepakwa buluu. Husni alikuwa amesimama juu ya bodi, amenenepa, shati jeupe, anawaonyesha wapakizi kwa kidole. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa ghala, kofia kichwani, chupa ya chai miguuni, anahesabu kwa macho.

Husni alimwona Kulthumu kabla hajamwona Matata. "Mama Yasmina," alisema, na sauti ilikuwa ya mshangao tu. "Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Teremka."

Matata akasoma. Alisoma kwa sauti ya msikitini, kila neno mahali pake: jina la Husni, jina la Kulthumu, hukumu, rehani, namba ya gari. Wapakizi walisimama na magunia mabegani. Watu wa duka wakatoka. Mpita njia mmoja akaegesha baiskeli yake ili asikilize vizuri. Kulthumu alikuwa ameipiga picha ile mara nyingi sana kichwani, na jambo lililomshangaza ni kwamba haikuwa na tofauti kubwa. Mvua tu ndiyo haikuwepo.

"Hii ni mambo ya nyumbani," Husni alimwambia Abdulrasul akishuka, akijaribu kucheka. "Mzee, huyu ni mtalaka wangu. Wanawake unawajua."

Abdulrasul alikuwa amezaliwa Gitega, na baba yake pia, na maneno ya namna hiyo aliyazoea. Alimgeukia Kulthumu. "Mama, we ulilipa deni lake?"

"Nililipa lote, Mzee. Nilimdhamini bila kujua, akanikimbia, nikalipa."

"Kwa nini hukuja mapema? Hii hukumu ni ya zamani kidogo."

Hakuna aliyemuuliza swali hilo kabla. Kulthumu alimtazama yule mzee, akaona kwamba haifai kumdanganya. "Nilisubiri umpe kazi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akainua fimbo yake akawaelekeza wapakizi. "Shusheni mali yangu." Kisha akamwambia Husni, kwa upole uleule ambao angemwagizia chai: "We nilikuuliza mara mbili kama gari ni yako. Uliniambia iko yako."

"Mzee, kesho nitakuwa nimemaliza hii—"

"Na mimi kesho nitakuwa nimepata gari ingine."

Magunia yakashuka moja moja. Kulthumu alibaki amesimama hadi la mwisho.

Ndipo Husni alipobadilika. Alimwendea Matata, akamvuta pembeni, kisha akamwendea Kulthumu na jasho linamtiririka shingoni. Alimwomba siku moja. Gari iende ikalale kwenye uwanja wa mahakama, sawa, lakini isiuzwe. Kesho ataipata pesa yake yote, taslimu, kwenye ile kasha ya Magarama wanakomjua. "Yote," alisema. "Hutapungukiwa kitu. Gari ikiuzwa mnada hutapata hata nusu, we muulize huyu bwana."

Matata alithibitisha kwamba mnada huwa hivyo. Kulthumu akakubali siku moja. Pesa ilikuwa pesa, na mama yake hakuwa tena na mkufu.

Kesho yake asubuhi alimkuta Husni kasha ya Magarama, amekaa mbele ya meza ya afisa, na pembeni yake mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, amejifunga mtandio wa rangi ya zambarau. Huyu ndiye Farida, mke wake wa sasa. Kulthumu alikuwa amemchukia kwa muda mrefu bila kumwona. Kichwani alikuwa amempa sura ya mwanamke mrefu mwenye dharau. Aliyemkuta alikuwa na miguu iliyovimba ndani ya kandambili, na alimwamkia, "Shikamoo, dada," kwa woga.

Kulthumu alikaa kwenye benchi la nyuma. Yule afisa, kijana wa tai, aligeuza karatasi, akaweka kidole. Husni akampa mkewe kalamu.

"Hapa nasaini kama nani?" Farida aliuliza.

"Saini ya mke tu," alisema Husni.

Kulthumu alielewa palepale pesa yake inatoka wapi. Farida alikuwa na kibanda cha vitenge soko la Nyamugari, chake mwenyewe, Amissi alikwisha kumwambia. Husni hakuwa na gari la kuweka rehani tena. Alichobakiza ni huyu. Akisaini, Kulthumu ataondoka na pesa zake zote kwenye mkoba kabla ya adhuhuri. Na Farida atabaki na kinachobaki. Neno moja lilimjia Kulthumu kichwani, tamu kabisa: asaini. Naye aonje. Alikuwa karibu na Husni siku ile ya simu. Aliuliza ni nani, akaambiwa, akanyamaza.

Kisha akamtazama Husni mgongoni. Shati jeupe lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa amelegea kwenye kiti, mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtu ambaye shida yake imekwisha. Hakuna alichopoteza. Jana aliaibika, leo mwanamke anamlipia, kesho atatafuta Mwarabu au Mhindi mwingine wa kumwamini. Kulthumu akaona kwamba akichukua pesa ile, Husni atakuwa amemlipa mke mmoja kwa jina la mwingine, na yeye mwenyewe Husni atatoka mlango uleule akipiga mluzi.

"Farida," alisema kutoka nyuma. "Mwulize huyo afisa: mume asipolipa, nani analipa?"

Kalamu ikasimama. Husni akageuka. "We nyamaza. Unapewa pesa yako, unataka nini tena?"

"Mwulize," alirudia Kulthumu.

Farida akauliza. Kijana wa tai akamtazama Husni, akatazama karatasi, akasema yasiyoweza kukwepwa: mdhamini ndiye anayelipa; kibanda kinaweza kuchukuliwa; na jina linaharibika kote nchini, si hapa tu.

"Anasema hayo kwa wivu," Husni alimwambia mkewe. "Huyu anakuonea wivu, humwoni?"

"Ni kweli," alisema Kulthumu. "Nina wivu, tena mwingi. Lakini afisa hana wivu, na umemsikia."

Farida aliiweka kalamu juu ya meza, akaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ikawa mbali naye. Husni alimwita jina lake. Alimwita tena kwa sauti nyingine. Farida alikuwa anatazama tumbo lake. Na Kulthumu alimwona Husni, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akitafuta kitu cha kusema asikipate. Lile shati likaonekana kubwa kuliko yeye. Kitu hicho hakuwahi kukiota kwenye cherehani. Kilizidi vyote alivyoota.

Nje, Farida alimfikia Kulthumu aliyekuwa akimsubiri Amissi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usifikiri nitakushukuru," alisema. "Umekuja kunivunjia nyumba."

"Sikuja kukusaidia," alijibu Kulthumu. "Kama ningeweza kumuumiza zaidi kwa kunyamaza, ningenyamaza."

Farida alimtazama kama anayetaka kumtemea mate, kisha akaondoka polepole akishika kiuno.

Kamyoneti iliuzwa mnada, na Matata hakudanganya: bei ilikuwa ya aibu. Kulthumu alirudishiwa sehemu tu ya alichotoa, kilichobaki kikaendelea kuwa deni la Husni kwake. Hakusikitika. Kwa kile alichopata na kwa jina lake lililokuwa safi, Venansi alimpa mkopo wa vitambaa, akaulipa kabla ya tarehe, akampa mwingine, kisha zile cherehani za umeme. Gashoho walimrudia. Aliajiri Jovina, binti wa jirani, amsaidie vifungo.

Husni, bila gari, hakuweza kulipa ule mkopo wake wa matairi. Jina lake likaharibika tena, na safari hii halikuwa na mdhamini wa kulifia. Kulthumu alisikia kwamba Farida hakumwacha. Alibaki naye, akajifungua, akaendelea kuuza vitenge, ila akiba akaifungua kwa jina lake mwenyewe, na kitabu chake cha kasha hakikulala nyumbani. Habari hiyo ilimkera Kulthumu kwa siku nyingi. Alitaka amwache.

Siku moja, saa za kukaribia adhuhuri, simu ikaita. Alikuwa Husni. Sauti ilikuwa imepoteza kile kicheko cha puani. Aliuliza habari za Yasmina, akauliza za mama, akazunguka sana.

"Mama Yasmina," alisema mwishowe, "we jina lako ulilisafishaje? Mi kila ninapoingia wananigeuzia kompyuta."

Kulthumu alisimamisha cherehani. Alivuta kiti akakaa vizuri, kwa sababu hakutaka kusahau hata kipande kimoja. Akamweleza yote, kwa ukweli, bila kupunguza. Aende kwenye kasha mwenyewe, asisubiri kuitwa. Aombe mpango mpya. Auze alichonacho. Kila mwezi alipe kabla ya tarehe, na asiruke, maana mwezi mmoja akiruka unamrudisha nyuma. Hilo Kulthumu alilijua mwenyewe. Asikope huku kulipa kule. Aweke akiba hata ya bei ya sabuni. Akishamaliza, aombe kidogo, alipe, aombe tena. Miaka itapita. Miguu itauma kusimama kwenye dirisha lile. Alilitamka kila jambo polepole, na kwa kila jambo alimsikia akipumua.

"Na mwanzoni," aliongeza, "watataka mtu wa kukudhamini."

Husni akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo: "Si ningekuomba wewe? Jina lako sasa iko nzuri. Kwa ajili ya mtoto."

"Hapana," alisema Kulthumu. Akamngoja kama ana lingine, kisha akamuaga kwa heshima.

Wakati wa chakula alimhadithia mama yake kuanzia mlio wa simu. Mama aliacha tonge mkononi akasikiliza hadi mwisho, akanawa, akajifuta, kisha akamwambia arudie tena pale Husni aliponyamaza.